Afonso, Mfalme Mkristu wa Kongo: Shukrani kwa Mungu na Baraka ya Taifa



Mtu akipewa zawadi, kinywa chake husema asante mara moja. Lakini shukrani ya kweli haiishii kinywani. Yaonekana kwa namna mtu anavyoitunza zawadi aliyopewa. Aliyepewa jembe akaliacha nje lile kutu, huyo hakushukuru, hata kama alipiga magoti siku ya kulipokea. Wazee wetu walijua jambo hilo, wakasema kwamba moyo usio na shukrani hukausha mema mengi.

Mambo ni yale yale kwa taifa zima mbele ya Mwenyezi Mungu. Udongo wenye rutuba, mvua, mito, watoto, afya, akili, na juu ya yote imani, vyote twavipokea mikononi mwake. Taifa linalomshukuru Mungu na kuvitunza vipaji vyake hupata baraka. Taifa linalovitupa, au kuviuza, hujiletea lenyewe hasara. Tupate kulielewa vema jambo hili, tutasimulia maisha ya mfalme Afonso wa Kongo. Alitawala zaidi ya miaka 30, kabla wazee wa wazee wetu hawajazaliwa. Kanisa halijamwandika katika orodha ya watakatifu, wala sisi hatutamfanya kuwa mtakatifu. Alikuwa mtu aliyemshukuru Mungu kwa nguvu zake zote, tena mtu aliyekuwa na kosa lake zito. Yote mawili yatatufundisha.

NCHI YA KONGO NA WAGENI WA BAHARINI

Ufalme wa Kongo ulikuwa karibu na mdomo wa mto mkubwa ambao wenyeji waliuita Nzadi. Mji mkuu wake, Mbanza Kongo, ulijengwa juu ya mlima, mahali ambapo siku hizi ni kaskazini ya Angola. Mfalme, aliyeitwa Mani Kongo, alitawala majimbo mengi: Soyo kando ya bahari, Mbamba, Mpemba, Mpangu, Mbata, na Nsundi upande wa kaskazini. Watu wake walijua kufua chuma na kufuma nguo nzuri za nyuzi za mnazi-mwitu. Fedha yao ilikuwa kombe ndogo zilizoitwa nzimbu, zilizookotwa katika kisiwa cha Luanda. Jina la Mungu Muumba hawakulikosa: walimwita Nzambi a Mpungu. Lakini walikuwa bado hawajasikia habari ya Mwanawe aliyejifanya mtu kwa ajili yetu.

Kati ya mwaka 1482 na 1483 merikebu ya Wareno, chini ya nahodha Diogo Cão, ilifika mdomoni mwa mto Nzadi. Baada ya miaka michache watu wengine wa Kongo walipelekwa Ureno, wakajifunza lugha na dini, kisha wakarudi kwao. Habari walizozileta zilimpendeza mfalme Nzinga a Nkuwu, akaomba aletewe mapadri na mafundi. Mwaka 1491 wakafika.

UBATIZO WA MWAKA 1491

Wa kwanza kubatizwa alikuwa mtawala wa Soyo, siku ya Pasaka, tarehe 3 Aprili 1491. Kisha mapadri walipanda mpaka Mbanza Kongo, na tarehe 3 Mei mfalme mwenyewe alibatizwa, akaitwa João, kwa jina la mfalme wa Ureno. Baada ya siku chache watu walianza kujenga kanisa la kwanza, na umati ukabeba mawe kwa furaha. Malkia naye akabatizwa. Mwana wa mfalme, Mvemba a Nzinga, mtawala wa jimbo la Nsundi, akapewa jina la Afonso.

Watu wa Kongo waliuita ubatizo kwa jina lao wenyewe. Walisema kwamba mtu amekula chumvi, kwa sababu siku zile padri aliweka chumvi kidogo ulimini mwa mwenye kubatizwa. Wengi walikula chumvi siku zile. Lakini kula chumvi ni jambo la siku moja, na kudumu katika ahadi za ubatizo ni kazi ya maisha yote. Hilo likaonekana upesi.

MAJARIBU YA UAMINIFU

Haikupita miaka mingi moyo wa mfalme mzee ukapoa. Mapadri walifundisha kwamba ndoa ya Kikristu ni ya mume mmoja na mke mmoja. Kwa mfalme wa Kongo amri hiyo ilikuwa nzito mara mbili. Wake zake walitoka katika jamaa kubwa za nchi, na kila mke alikuwa kama kamba inayofunga jimbo fulani na kiti chake. Kuwaacha wake hao ilikuwa ni kulegeza kamba hizo. Mfalme akaogopa. Wakubwa wengi waliobatizwa pamoja naye wakarudi nyuma vilevile, wakazishika tena hirizi na sanamu zao.

Afonso hakurudi nyuma. Kule Nsundi aliwapokea mapadri, akaketi nao na kujifunza dini na kusoma. Akakataza sanamu katika jimbo lake. Kwa sababu hiyo alichukiwa na wakubwa, akachongewa kwa baba yake, hata akakaa mbali na mji mkuu kama mtu aliyefukuzwa. Angaliweza kuponya cheo chake kwa kunyamaza na kufuata walio wengi. Lakini hakutaka.

Msomaji, angalia vema hapo. Siku ya ubatizo baba na mwana walipokea zawadi ile ile, kwa maji yale yale. Mmoja aliiweka pembeni ilipoanza kumgharimu, na mwingine aliilipia kwa heshima yake na kwa raha yake. Tofauti kati ya mtu anayesema asante na mtu anayeshukuru ni hiyo.

VITA YA MBANZA KONGO

Mfalme João Nzinga a Nkuwu alikufa kati ya mwaka 1506 na 1509. Kwa desturi ya Kongo ufalme haukupita wenyewe kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kwanza. Ilipasa wakubwa wakubaliane. Wengi wao walimtaka ndugu ya Afonso kwa baba, Mpanzu a Kitima, aliyekuwa upande wa dini ya zamani. Afonso aliposikia kwamba baba yake amefariki, alifanya haraka akaingia Mbanza Kongo pamoja na watu wachache. Mpanzu akaja na jeshi kubwa kuuzunguka mji.

Yaliyotokea siku ile yalisimuliwa na Afonso mwenyewe katika barua zake. Wakristu walikuwa wachache sana mbele ya umati wa adui. Walipokuwa karibu kushindwa, waliliita kwa sauti kubwa jina la Mtakatifu Yakobo mtume. Ghafula adui wakashikwa na hofu, wakakimbia ovyo. Baadaye waliotekwa walieleza kwamba waliona msalaba mweupe mbinguni, na jeshi la wapanda farasi wakiwashambulia. Mpanzu akapoteza uhai wake, na Afonso akaketi katika kiti cha ufalme.

Kanisa halimlazimishi mtu kusadiki kila ajabu inayosimuliwa juu ya vita. Lakini jambo moja halina shaka. Afonso hakusema kwamba ameshinda kwa mkuki wake wala kwa ujanja wake. Maisha yake yote alisema kwamba ushindi ule ulitoka kwa Mungu, na kwamba yeye na nchi yake ni wadeni wa Mungu. Alipata nguvu ya kulipiza kisasi, lakini masimulizi ya zamani yanasema kwamba mkubwa mmoja wa jeshi la Mpanzu, aliyekamatwa akingoja kuuawa, alisamehewa na mfalme kwa sharti la kubatizwa na kutumika kanisani. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchota maji ya ubatizo. Aliyepigana ili ubatizo ukome ndiye aliyeleta maji yake.

SHUKRANI KWA MATENDO

Sasa tuone namna mfalme huyo alivyomlipa Mungu deni lake.

Kwanza, alitaka taifa lote likumbuke. Sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, tarehe 25 Julai, ikawa sikukuu kubwa ya Kongo. Siku hiyo watu walikusanyika, wakubwa walileta kodi zao, na wote walikumbuka ushindi ambao Mungu aliwapa. Katika ngao ya ufalme ilichorwa mikono mitano yenye panga, pamoja na msalaba, ili hata mtoto akiiona aulize habari yake. Taifa lisiloweka kumbukumbu ya mema ya Mungu husahau upesi kama wale wakoma tisa wa Injili. Walitakaswa wakaenda zao, na mmoja tu, tena mgeni, ndiye aliyerudi kumshukuru Yezu.

Pili, alijenga nyumba za Mungu. Katika mji mkuu, ndani ya msitu mzito walimozikwa wafalme wa zamani, alianza kujenga kanisa la Bikira Maria wa Ushindi. Mahali ambapo watu walikwenda kwa hofu, sasa wakaenda kwa sala.

Tatu, na hilo ndilo kubwa, alifungua shule. Afonso alifahamu kwamba imani isiyofundishwa hukauka kama mbegu juu ya mwamba. Katika barua yake ya mwaka 1514 alieleza kwamba amejenga boma lenye kuta ndefu na miiba juu, ili vijana 400, wana wa wakubwa, wakae humo wasome bila kutoroka. Twaweza kucheka tukiiwaza miiba ile, lakini mwalimu yeyote atamwelewa mfalme. Wasichana nao hawakusahauliwa: dada ya mfalme, aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima, aliwafundisha yeye mwenyewe. Vijana waliofuzu walitumwa majimboni kuwa walimu wa wengine.

Mfalme mwenyewe alikuwa mwanafunzi kuliko wote. Padri Rui de Aguiar, aliyefika Kongo, aliandika habari zake mwaka 1516. Alishangaa kuona kwamba mfalme anasoma vitabu vya dini hata analala usingizi juu yake, na kwamba akianza kusema habari za Mungu husahau kula na kunywa. Misa ilipokwisha, alisimama mbele ya watu wake akawafafanulia mafundisho kwa lugha yao na kuwasihi wamrudie Mungu. Basi mfalme huyo alikuwa pia katekista.

Nne, alimtolea Mungu mwanawe. Kijana Henrique alipelekwa Ureno angali mdogo, akasomea upadri Lisbon. Mwaka 1518 Baba Mtakatifu Leo wa Kumi alimteua kuwa askofu, akampa cheo cha askofu wa Utica, mji wa zamani wa Afrika ya Kaskazini. Mwaka 1521 askofu Henrique alirudi kwa baba yake. Fikirini furaha ya Mbanza Kongo siku ile! Ilikuwa imepita miaka 30 tu tangu ubatizo wa kwanza, na tayari mwana wa nchi amebeba fimbo ya kiaskofu. Afya yake ilikuwa dhaifu, naye alikufa karibu na mwaka 1531. Baada yake bara letu lilingoja muda mrefu sana. Ilipofika mwaka 1939 Joseph Kiwanuka wa Uganda alipewa uaskofu, mwaka 1952 Aloys Bigirumwami wa Rwanda, na mwaka 1956 Pierre Kimbondo, katika nchi yenyewe ya Wakongo.

DONDA LA UTUMWA

Mpaka hapa habari yetu ni ya furaha. Ikiishia hapa, tungesema kwamba mfalme alishukuru, taifa likabarikiwa, basi. Lakini kweli haifichwi, na anayefundisha dini hana ruhusa ya kuficha nusu ya kweli.

Merikebu zile zile zilizoleta mapadri zilileta wafanyabiashara pia. Walileta vitambaa, divai na vitu vya anasa. Badala yake hawakutaka nguo za nyuzi wala shaba tu. Walitaka watu, ili wawapeleke kisiwani São Tomé katika mashamba ya miwa, na baadaye ng'ambo ya bahari. Hata baadhi ya mapadri waliotumwa Kongo walisahau wito wao, wakaishi vibaya, wakanunua watumwa. Afonso alilalamika juu ya hao katika barua ya mwaka 1514. Alisikitika kwamba watu waliokuja kuujenga ukristu ndio wanaoubomoa mbele ya macho ya wabatizwa wapya.

Lakini Afonso mwenyewe hakuwa safi katika jambo hilo. Desturi ya nchi iliruhusu kuwafanya watumwa watu waliotekwa vitani, naye hakuikataa. Alitoa watumwa kama malipo na kama zawadi. Labda alidhani kwamba mlango ule mdogo hauwezi kuleta hatari, maadamu watu wake walio huru hawaguswi. Lakini tamaa haijui mpaka. Mwenye kufungua mlango ili mbuzi mmoja atoke, asishangae asubuhi akiona zizi tupu.

Ilipofika mwaka 1526 zizi lilikuwa linakwisha. Tarehe 6 Julai mwaka huo Afonso alimwandikia mfalme João wa Tatu wa Ureno barua ya uchungu. Alieleza kwamba wafanyabiashara wamezagaa kila mahali. Watu wake wenyewe, kwa kutamani vitu vyao, wanawaiba jirani zao usiku na mchana. Hawaachi watu huru, wala wana wa wakubwa, wala hata jamaa za mfalme, na nchi inakwisha kwa kukosa watu. Akasema kwamba kutoka Ureno hahitaji kitu kingine ila mapadri na walimu wachache, pamoja na divai na unga kwa ajili ya Sakramenti Takatifu. Akaomba biashara ya watu ikomeshwe katika ufalme wake.

Msaada aliouomba haukuja, kwa maana faida ya biashara ile ilikuwa kubwa mno. Basi katika mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Afonso alifanya alichoweza. Aliwaweka wakubwa watatu wa kuchungua kila mtu anayeuzwa. Kila mnunuzi alipaswa kuwaarifu kwanza, ili wahakikishe kwamba si mtu huru aliyeibiwa. Katika mwezi huo aliomba pia waganga na dawa kwa ajili ya wagonjwa wake. Hivyo mfalme alijaribu kuusukuma mlango aliouacha wazi. Wengine waliokolewa kwa amri ile, lakini wengi walikwenda. Merikebu ziliendelea kutia nanga, na mlango haukufungika tena.

PASAKA YA DAMU NA MWISHO WA SAFARI

Chuki ya wafanyabiashara wengine ikazidi. Siku moja ya Pasaka, karibu na mwaka 1540, mfalme alipokuwa katika Misa, Wareno kadhaa waliingia kanisani na bunduki wakampiga risasi. Mungu alimkinga: risasi ilipita katika vazi lake bila kumdhuru, lakini mmoja wa wakubwa wake aliuawa, na wengine walijeruhiwa. Wale waliotaka kumwua walikuwa wamebatizwa kama yeye, na siku waliyoichagua ni siku ya ufufuko wa Bwana wao.

Mtu mwingine baada ya jambo hilo angaliweza kusema kwamba dini ya watu hao ni uongo, angalivunja makanisa na kurudi kwa sanamu za babu zake. Afonso hakufanya hivyo. Alikwisha kupambanua kati ya Kristu na wale wanaolivaa jina la Kristu kama nguo ya sokoni. Uaminifu wake haukusimama juu ya wema wa Wareno, na kwa sababu hiyo haukuanguka kwa ubaya wao. Aliendelea kuandika barua, kuomba mapadri, na kufundisha. Alikufa mwishoni mwa mwaka 1542 au mwanzoni mwa 1543, akiwa mzee, amechoka, lakini ameilinda imani aliyoipokea.

BARAKA ILIYOBAKI

Je, Kongo ilibarikiwa kwa shukrani ya mfalme wake? Swali hili litaulizwa, nasi tusilikimbie. Kwa macho ya mwili twaona vita vya kugombea ufalme baada yake, na utumwa uliozidi kukua. Mwaka 1665 mfalme António aliuawa na jeshi la Wareno katika vita ya Mbwila, na mwaka 1678 Mbanza Kongo ukabomolewa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mtu atasema: baraka iko wapi?

Twajibu kwanza kwamba Mungu si mfanyabiashara. Haiuzi baraka yake kwa kipimo cha sala. Mtu mwaminifu aweza kuteswa, kama Bwana wetu mwenyewe alivyoteswa.

Pili, twaona kwamba balaa ya Kongo haikutokana na shukrani yake, bali na mahali pale ambapo shukrani ilipungua. Mungu aliwapa Wakongo watu, zawadi iliyo kubwa kuliko kombe zote za Luanda. Kumshukuru Mungu kwa ajili ya watu, na papo hapo kuwauza, ni mambo yasiyoweza kukaa pamoja. Wareno walioimba Zaburi na kununua watumwa hawakushukuru. Wakongo walioiba jirani zao kwa ajili ya kitambaa hawakushukuru. Na mfalme mwema, aliyemrudishia Mungu mwanawe, vitabu na makanisa, alichelewa kumrudishia mtumwa wa vitani. Kutoka ufa huo mdogo maji yaliingia, yakaijaza nyumba.

Tatu, baraka ilikuwako, nayo ilikaa mahali ambapo adui hawakuweza kuipora. Shule za Afonso ziliacha walimu, nao wakafundisha wengine. Mwaka 1596 Baba Mtakatifu Klementi wa Nane aliufanya Mbanza Kongo, ulioitwa pia São Salvador, kuwa makao ya jimbo la kiaskofu. Mwaka 1608 balozi wa Kongo, António Manuel Ne Vunda, alifika Roma akiwa mgonjwa sana, akafa huko kwa heshima kubwa, akazikwa katika kanisa la Santa Maria Maggiore. Mwaka 1624 kitabu cha mafundisho ya dini kwa Kikongo kilipigwa chapa Lisbon. Miaka mingi mapadri walikosekana kabisa au walikuwa wachache mno, na walimu wa kilei ndio waliowafundisha watoto sala na amri za Mungu. Padri alipopita baada ya muda mrefu, alikuta watu wanangoja kubatiziwa watoto wao. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Mbanza Kongo, akasali penye magofu ya kanisa kuu la zamani. Mfalme hayuko, ngome hazipo, merikebu zimeoza, lakini sala inasikika bado mahali pale.

FUNDISHO KWETU

Makatekista wapenzi, na ninyi wazazi, habari hii yatuhusu sana sisi watu wa Kongo. Nchi yetu ilipewa na Mungu mali nyingi chini ya ardhi na juu yake: shaba, dhahabu, misitu, maziwa yenye samaki, udongo unaozaa mara mbili kwa mwaka. Tutaonyesha shukrani kwa namna gani? Si kwa kuimba siku ya sikukuu tu. Tutashukuru tukiwatunza watu, maana wao ndio zawadi ya kwanza. Mwenye kumnyima mfanyakazi mshahara wake, mwenye kumtoa mtoto shuleni ili achimbe madini, mwenye kumwuza jirani yake kwa kupokea rushwa, huyo anaufungua tena mlango ule wa mwaka 1526, hata akiwa na rozari shingoni.

Tena tujifunze kwa Afonso kutoiacha imani kwa sababu ya makosa ya Wakristu wenzetu. Aliona padri asiyestahili, akaomba padri mwema. Aliona Mkristu mwuaji, akabaki Mkristu. Wangapi kwetu huacha Misa kwa sababu ndogo kuliko risasi ya Pasaka!

Na wewe katekista wa kijijini, unayefundisha watoto ishirini chini ya mwembe bila vitabu vya kutosha, usidhani kwamba kazi yako ni ndogo. Jeshi la mfalme wa Kongo lilitawanyika katika siku moja ya Mbwila. Walimu wake walishinda miaka mia kadhaa. Taifa husimama juu ya watu wanaojua wamepokea nini, na kutoka kwa nani. Wafundishe hivyo wanafunzi wako, na kila jioni, kabla hawajatawanyika, wasimamishe wamshukuru Mungu kwa majina: kwa mama, kwa shamba, kwa mvua, kwa nchi, kwa ubatizo. Kisha waulize kesho yake wamefanya nini na zawadi hizo.